Fizi za Muuza Miswaki

Kama unasoma haya huku umeshika shavu, usiyamalize. Inuka uende hospitali, haya utayakuta ukirudi. Maneno hayaozi, jino linaoza.

Wewe uliyebaki, kaa tuzungumze.

Mimi ni bibi wa wajukuu, na Kariakoo wananijua kwa kazi yangu kuliko kwa jina langu. Nauza miswaki ya mti. Nakaa barazani mwa duka moja la vitambaa, karibu na msikiti, upande wa Msimbazi. Miswaki yangu inatoka bara, kwenye nchi kavu, inashuka ikiwa imefungwa matita. Naikata, naipanga kwenye sinia, naifunika na gunia bichi isikauke. Pembeni naweka karafuu na ubani kidogo. Watu wakitoka kuswali wanapita kwangu. Ndivyo nilivyomlea mwanangu Rehema baada ya baba yake kufariki, na sijawahi kugonga mlango wa mtu kuomba chumvi.

Katika kazi hii kibao cha biashara ni mdomo wako mwenyewe. Mteja akisita, mimi nilikuwa nacheka tu. Akiyaona meno ya bibi mzima yamejaa, ananunua. Na mteja mgeni asiyejua kuufungua mswaki, nilikuwa nauchukua, nang'ata ncha kwa meno ya mbele, navua gamba, natema, namkabidhi mswaki mwingine naye afanye vivyo hivyo. Kraa! Watu walikuwa wakisimama kutazama.

Kwa hiyo ujue nilichokuwa nakwenda kupoteza. Mwingine aking'oka jino anafunga mdomo, maisha yanaendelea. Muuza miswaki kibogoyo atamuuzia nani?

Ilianza wakati wa vuli. Asubuhi moja nautazama mswaki wangu, ncha ni nyekundu. Nikasema nimejichoma. Kesho yake vilevile. Nikasema ndiyo uzee, hata ngozi ya mkono siku hizi ikiguswa inatoka damu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Kiangazi kilipoingia fizi zilikuwa zimevimba na kubadilika rangi kama zambarau iliyoiva. Kisha zikaanza kushuka. Nikitazama kioo naona meno yamekuwa marefu, marefu kama ya punda. Mdomo ukawa na harufu. Harufu ya mdomo wako huisikii wewe kwanza, unaisoma usoni kwa mwenzako. Mjukuu wangu wa mwisho alikuja kunibusu, akarudisha kichwa nyuma. Tangu siku ile nikawa nasema na wateja nimegeuza uso pembeni, kama ninayemtafuta mtu barabarani.

Baadaye meno ya mbele ya chini yakaanza kucheza. Ukilisukuma jino na ulimi linakwenda, ukiliachia linarudi. Nikaacha kung'ata miswaki mbele ya watu. Nikawaambia siku hizi sina muda.

Na gego la nyuma, upande wa kushoto, likaanza kuuma. Hapo nikajiona mjanja. Sinia la karafuu si langu? Nikawa nabana punje ya karafuu kwenye gego, maumivu yanalala. Yakiamka naweka nyingine. Karafuu ni dawa ya wazee wetu, sina ugomvi nayo. Lakini karafuu inalibembeleza jino kama unavyombembeleza mtoto mwenye homa. Analala, na homa iko palepale. Mimi nikaona mtoto amelala, nikaenda zangu sokoni.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Kwa muuza miswaki huo ndio msimu. Watu wanataka mswaki kuliko wanavyotaka shati. Nikasema nitaumwa baada ya Idi.

Hapo nikafanya kosa ambalo naliandika waziwazi, kwa sababu najua wapo wenzangu wengi wanalifanya. Tumefundishwa utotoni kuwa aliyefunga, jua likishapinduka, aache kupiga mswaki mpaka magharibi. Sawa, hilo nalijua, na asubuhi yote ni yako. Lakini mimi nilikuwa natoka damu. Nikaogopa kuwa nikipiga mswaki hata asubuhi, damu itateremka kooni na saumu yangu itaharibika. Basi nikaacha kabisa mchana kutwa. Jioni nikishafuturu nimechoka, napitisha mara mbili tatu, nalala. Alfajiri haraka haraka, maji yanakwisha kwenye bomba, naacha. Mchana natema mate kwenye kitambaa, natema, natema, mdomo umekauka kama ukoko. Nilikuwa nauza usafi wa kinywa kwa mji mzima, na kinywa changu kilikuwa kimefungwa na uchafu ndani.

Duka ninalokaa barazani kwake ni la Mama Nilesh, Mhindi, mwanamke wa rika langu. Tumekaa pale tangu nywele zetu nyeusi. Yeye dini yake nyingine, mimi yangu, lakini kila siku tunagombana kwa furaha kuhusu jambo moja tu. Yeye anasema hakuna kama mwarobaini. Anatafuna kijiti cha mwarobaini kila asubuhi, anasukutua maji ya majani yake, anakunja uso kwa uchungu, halafu ananionyesha meno yake meupe.

"Mama Rehema," ananiambia, "miswaki yako tamu tamu, mdudu anakula anashiba. Mwarobaini, mdudu anakimbia!"

"Kwa sura unayokunja, hata mimi nakimbia," namjibu.

Sasa siku moja, Ramadhani imefika katikati, alasiri, alitoka dukani kunitania kama kawaida. Nikavuta mtandio shavuni. Akaja mbele yangu akainama.

"Mama Rehema, toa mtandio."

"Una nini wewe? Nenda kapime vitambaa vyako."

"Toa mtandio, nasema!"

Akauvuta mwenyewe. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba hadi chini ya taya, gumu, linang'aa. Nilikuwa nimejifunga tangu jana yake. Akaniambia nifungue mdomo. Haukufunguka. Ulifunguka upana wa kupitisha kijiko cha chai, basi.

"Mate unameza?"

"Nimefunga."

"Sikuulizi dini, nakuuliza koo! Unameza?"

Nikajaribu. Ilikuwa kama kumeza kokwa la embe.

Mama Nilesh hakubishana tena. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo halifanyi hata akifiwa, akasimamisha bajaji. Njiani akampigia Rehema simu. Nilimsikia mwanangu akipiga kelele kutoka kwenye ile simu, na maneno sikuyapata, ila kelele ile nilimzaa mimi, naielewa.

Benchi la wagonjwa wa meno pale hospitali si kama mabenchi mengine. Kwenye benchi la malaria watu wanasimuliana. Hapa kila mtu kashika shavu, ananung'unika peke yake kama njiwa. Ukiuliza "Nani wa mwisho?" unaonyeshwa kwa kidole. Mimi nimekaa, mtandio hadi machoni, namwomba Mungu nisijulikane.

Kuli mmoja wa sokoni, kijana wa miraba minne, shavu lake limefura upande wa kulia, akanikazia macho.

"Shikamoo bibi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bibi, samahani. Wewe si yule bibi wa miswaki, pale kwenye duka la vitambaa?"

Nikatazama ukutani.

"Ndiye!" akasema, na benchi zima likageuka. "Jamani, huyu ndiye bibi wa miswaki! Mimi naitwa Masudi, nanunua kwako kila Ijumaa. Sasa bibi, kama wewe upo hapa, mimi mteja wako nifanyeje? Nihamie wapi?"

Watu waliokuwa wanaugulia wakaanza kucheka, huku wameshika mashavu, maana kucheka nako kunauma. Mama mmoja akasema, "Ndiyo maana wanasema mganga hajigangi." Wakacheka tena. Mimi nilitaka sakafu ipasuke. Mama Nilesh akawatolea macho, lakini nilimwona mdomo unamcheza.

Masudi alipoona machozi yananitoka aliinuka, akazungumza na waliokuwa mbele yake, mmoja mmoja. Kisha akaja akachuchumaa.

"Bibi, pita wewe. Hilo lako limeshuka shingoni. Mimi langu lipo juu, litasubiri."

Wote wakanipisha. Waliokuwa wananicheka ndio walionipisha. Nimeishi na watu wa mji huu miaka yote hii, na bado wananishangaza.

Daktari alikuwa msichana mdogo, wa umri wa kuwa mjukuu wangu. Akaniamkia, akanigusa chini ya taya, uso wake ukabadilika. Akaniambia usaha umejaa, na usaha wa taya ya chini unaweza kushuka kooni ukaziba pumzi. Hakuniambia kwa kunitisha. Aliniambia kama unavyomwambia mtu kuna gari nyuma yako.

"Bibi, itabidi ule dawa leo hii, na unywe maji mengi. Saumu utalipa ukipona."

"Imebaki nusu tu…"

"Bibi." Akanishika mkono. "Anayelipa saumu ni aliye hai."

Rehema alikuwa ameshafika kutoka Buguruni, vumbi hadi magotini. Akasema, "Mama, ukimkatalia huyu daktari, nitakushika mimi mwenyewe achome." Nikakubali.

Wakapasua, usaha ukatoka. Sitakueleza. Nitakueleza kilichofuata tu: nesi alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, yakapita kooni, yakapita bila kugota popote. Mchana wa Ramadhani, maji ya bomba. Sijanywa maji matamu kama yale, na sidhani kama nitakunywa tena. Gego lilikuwa haliponyeki, na la jirani yake pia, wakayang'oa yote mawili uvimbe ulipopungua.

Nikalala hospitali kidogo, nikatolewa, Rehema akanichukua kwake Buguruni.

Sasa hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo, wewe unayeuguza na wewe unayeuguzwa mnisikie. Shavu lilikuwa linapona, nyumba ikaanza kuvimba.

Rehema anashona nguo, vyumba viwili vya kupanga, watoto watatu, cherehani mlangoni. Akanipa kitanda chake, yeye akalala chini. Ananisagia viazi, ananipoozea uji. Na kila anaponipa bakuli ananipa na neno.

"Miezi yote hiyo, Mama. Damu inakutoka, unaninyamazia."

"Ningekwambia ungefanya nini? Wewe daktari?"

"Ningekuwa mwanao!"

Nikamwambia bakuli lina chumvi nyingi.

Kilichotugombanisha kabisa ni meno ya mbele. Daktari alisema fizi zimelegea kote, yale manne ya chini yanacheza, na huenda yakashika, huenda yasishike. Inabidi fizi zisafishwe, ule ukoga uliogeuka jiwe chini ya fizi ukwanguliwe, kisha tusubiri. Rehema hakutaka kusubiri.

"Yang'olewe yote, akuwekee ya bandia, tumalize. Nimechoka kuogopa."

"Yako au yangu?"

"Mama, una miaka mingapi? Unayataka ya nini, urudi kung'ata vijiti barazani?"

"Ndiyo."

"Nyoo! Miswaki yenyewe ndiyo imekuua!"

Hilo lilinichoma kuliko sindano. Kwa sababu nami usiku na mchana nilikuwa najiuliza hilohilo. Mti ule nimeutumia tangu sijavunja ungo. Mama yangu alikufa na meno yake yote. Sasa mimi imekuwaje? Au nilikuwa nawauzia watu kuni kwa jina la dawa?

Masika yalianza kunyesha nikiwa katika hali hiyo. Mama Nilesh akaja kunitazama, kavuka maji ya Buguruni na viatu mkononi, kabeba chombo cha wali uliopikwa na choroko ukawa rojo, na samli juu. Nikala bila kutafuna. Nikamwambia kwamba Rehema anataka ning'oe yote, na mimi naona bora nife.

"Kufa kwa meno?" akasema.

"Wewe unacheka kwa sababu yako yapo. Mwarobaini umeshinda, haya, furahi."

Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Rehema alikuwa kwenye cherehani. Mama Nilesh akaingiza kidole gumba mdomoni, akasukuma. Meno yote ya juu yakatoka, mzima mzima, akayaweka mkononi mwake kama anayenionyesha bangili.

Nilipiga ukelele. Rehema akaingia mbio akidhani nimezidiwa, akakuta Mhindi hana meno ya juu, na mama yake kakaa kitandani kaachama.

"Mingi mwaka sasa," akasema Mama Nilesh, na bila meno Kiswahili chake kikawa kama cha mtoto. "Sikuwa nasafisha. Napenda peremende. Yote yakaoza. Halafu ndiyo nikaanza mwarobaini, na nikaenda kwa daktari kila mara. Ya chini, tazama, yangu! Haya mwarobaini umelinda. Ya juu nimenunua."

"Miaka yote hii unanitambia meno ya dukani!"

"Si ulikuwa unayasifu?"

Tulicheka. Rehema naye alicheka hadi akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia mwanangu akicheka tangu siku ya bajaji. Alipoyarudisha, Mama Nilesh akanishika goti akasema taratibu, "Yakitoka, utaishi. Mimi naishi. Nakula, nasema, nauza. Lakini kama daktari anasema subiri, subiri. Mimi hakuna aliyeniambia subiri."

Rehema alisikia. Akasema, "Haya. Masika yapite."

Siku ya kukwanguliwa fizi daktari aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Bibi, nionyeshe unavyopiga mswaki."

Nikafungua kibeti changu, nikatoa mswaki wangu. Nikampa. Akaugeuza. Ulikuwa wa kahawia, mkavu, ncha yake imekatikakatika kama fagio la chooni.

"Huu ndio unaouza?"

Nikakasirika. "Huu? Siwezi kumuuzia mtu mswaki kama huu! Ya kuuza ni mibichi, naifunika na gunia. Huu ni wa mabaki. Ile isiyonunuliwa ikakauka, naitumia mimi."

"Kwa muda gani?"

"Tangu nianze kazi. Sasa nzuri niitumie mimi, mteja nimpe nini?"

Yule binti akakaa. Akautazama mswaki, akanitazama.

"Kwa hiyo wateja unawapa dawa, mwenyewe unatumia ukuni."

Rehema, aliyekuwa amesimama mlangoni, akafunika uso kwa mikono.

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nimewaambia wengine methali hiyo mara ngapi, sijawahi kuisikia mwenyewe.

Daktari akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ule mti una maji yake. Kile kichumvichumvi na kile kikali unachokisikia ukiutafuna mbichi, hicho ndicho kinachopambana na uchafu, na nyuzi zake laini ndizo zinazosugua. Ukishakauka kabisa, ukali umepungua, nyuzi zimekuwa miiba. Mimi nilikuwa najichana fizi kila siku na kuziacha bila dawa. Tena nilikuwa nasugua mbele tu, yale meno ya kuonekana na wateja. Nyuma na upande wa ndani sikufika. Na mbichi, alisema, nao una mipaka. Unazuia, hauponyi jino lililokwisha kutoboka. Karafuu inatuliza, haitoi usaha. Mwarobaini wa Mama Nilesh si mbaya kusukutua, ila usimeze ukijidai. Dawa ya meno ya dukani, yenye madini ya kuimarisha meno, nitumie pia kabla ya kulala, hakuna ugomvi kati yake na mti. Na fizi inayotoka damu haitaki kuachwa, inataka kusafishwa taratibu. Damu ni fizi inakuita.

"Na saumu?" nikamuuliza.

"Hilo muulize shehe, bibi."

Nikamwuliza shehe wa msikiti wetu. Akaniambia asubuhi nipige bila hofu, nisukutue, niteme, damu iliyonishinda bila kukusudia Mungu anaijua. Na kati ya futari na daku nina muda wa kutosha, niache uvivu. Akacheka. Nikajua na yeye ni mteja wangu.

Kukwanguliwa fizi kunauma kwa sauti kuliko kwa nyama. Unasikia kile chuma kinakwangua kichwani mwako kama sufuria lenye ukoko. Nilikwenda upande mmoja, nikapumzika, nikaenda upande wa pili. Baada ya hapo meno yalisikia baridi hata ya hewa. Nilikuwa nazungumza nimefunika mdomo na kiganja. Fizi ziliposhika rangi, zilishika pole pole, kama embe linavyoiva kwa kuanzia kwenye kikonyo.

Kipupwe nikarudi Kariakoo. Daktari aliniruhusu kila kitu isipokuwa kimoja: nising'ate kitu kigumu kwa meno ya mbele. Muwa, hapana. Muhogo mbichi, hapana. Mswaki kuufungua kwa meno, hapana kabisa. Nikawa navua gamba kwa kisu. Muuza miswaki na kisu! Vijana wa jirani wanaouza soksi wakapata la kusema.

"Bibi, leo unachinja?"

"Chinja taratibu bibi, usije ukaumiza mswaki!"

Nikawaambia waende wakapige meno yao mswaki, maana harufu yao inafukuza wateja wangu. Lakini usiku nilikuwa nayasukuma meno yale kwa ulimi, moja moja. Yanakwenda, yanarudi. Kila nilipokwenda kwa daktari aliyagusa kwa kidole, akasema, "Bado." Sijawahi kuchukia neno kama "bado". Nililipa saumu zangu zile katika kipupwe, siku za jua fupi, nikipiga mswaki asubuhi hadi nyuma, hadi ndani, kama nilivyofundishwa.

Rehema alianza kuja asubuhi kabla hajafungua cherehani. Hakusema anakuja kufanya nini. Alikuwa anafungua tita jipya, analowanisha gunia, anakata. Siku ya kwanza alichukua mswaki wa juu kabisa, ule mnene, mbichi, unaotoa maji ukiukata, ule ambao mteja angeulipia bila kuuliza. Akauweka pembeni, kwenye kibeti changu.

"Wa kuuza huo," nikamwambia.

"Wako."

"Rehema…"

"Mama, wa kwanza wako. Mingine ya watu."

Hadi leo ndivyo. Tita likifunguliwa, wa kwanza ni wangu. Na ncha naikata, nafungua mpya, sing'ang'anii fagio. Ile inayokauka tunawashia mkaa, na mkaa unawaka vizuri.

Vuli ikapita, hakuna damu. Kiangazi, mjukuu wangu akanibusu shavuni, akakaa palepale akinisimulia habari za shule. Nilimnunulia juisi ya miwa.

Wiki ya mwisho ya Shaaban, Kariakoo imefurika watu wanaojiandaa na Ramadhani, nikaenda kwa daktari. Akayagusa yale manne. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akainama na kioo chake kidogo, akachungulia mpaka nikamwambia, "Binti, sema."

"Bibi, nani kakwambia meno yako yanacheza?"

"Wewe!"

"Basi sasa yametulia. Huyu hapa wa pembeni atacheza kidogo maisha yake yote, ana utoto. Lakini yatakaa. Ng'ata pole pole."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda barazani. Rehema alikuwa kwenye sinia, Mama Nilesh yupo mlangoni na meno yake ya dukani. Kuli Masudi alikuwa anapita na mkokoteni wa mabunda, akaninyooshea kidole.

"Bibi wa miswaki! Ramadhani hii nanunua kwako au nihame? Nionyeshe meno kwanza!"

Nikafungua kibeti, nikatoa wa kwanza wa tita la asubuhi ile. Rehema akanishika mkono.

"Mama, kisu hiki hapa."

"Weka."

Nikauweka mswaki kwenye meno ya mbele. Moyo ulikuwa unanipiga kama wa bi harusi. Nikabana. Nikavuta.

Kraa!

Gamba likatoka refu. Nikalitema pembeni, nikatafuna ncha mpaka nyuzi zikafunguka na ule ukali wake ukajaa mdomo mzima. Kisha nikautoa, nikauinua kwenye mwanga. Rehema akausogelea, akaitazama ncha kwa karibu kabla yangu, kama anayetafuta sindano.

"Mweupe, Mama," akasema. "Mweupe pe."

Masudi akachukua miwili.